Chupa Sita kutoka Kisima cha Bujora

Ilemela, Mwanza
3 Machi 2024

Koku wangu,

Ulitaka karatasi, karatasi hii hapa. Umesema kila kifurushi cha maji kije na barua ya mkono, kwa sababu kwenye simu sisi wawili tumebaki watu wa "umekula?" na "mtandao unakata." Nimekubali. Ila usinicheke mwandiko. Miaka kumi na moja ya kuandika lebo za asidi kwenye maabara ya shule imeniharibu, siku hizi hata orodha ya sokoni naiandika kwa herufi kubwa.

Chupa ni sita, zimejaa hadi shingoni kama ulivyoagiza. Jana nilipofika Bujora nilikuta Mama ameshazijaza, amezipanga kwenye beseni na kuzifunika kwa kitenge kipya, utadhani tunapeleka posa. Nikamwambia Mama, hii kazi nimepewa mimi. Akasema kazi yangu ni kuangalia watoto wa watu wasiungue vidole kwenye maabara, ya mkwe wake niiache. Unamjua. Mtu aliyezunguka nyumba kwa nyumba miaka ishirini kama mhudumu wa afya, nani atamfundisha kujaza chupa?

Ijumaa nilipita Mirongo, ofisi ya vifurushi, kuulizia utaratibu wa kutuma. Dada wa kaunta akataka kujua ndani kutakuwa na nini. Maji. Maji gani? Ya kisima. Yanakwenda wapi? Uswidi. Akamwita mwenzake aje asikie mwenyewe, wakacheka mpaka wakashika meza, wakauliza kwani huko hakuna maji. Nikawaambia yapo, lakini mke wangu ni Mhaya aliyesoma sana, anataka ya ukweni tu. Wakasema, ah, nshomile, tumeelewa.

Huu ni mwaka wa tatu sasa. Nikirudi kazini jioni napika chakula cha watu wawili kwa mazoea, halafu kesho yake nakila kiporo. Nimekukumbuka, Koku. Nilikuwa nazunguka tu, hilo ndilo nililotaka kuandika.

Wako,
Masele


Uswidi
20 Machi 2024

Masele wangu,

Zimefika zote sita, hakuna iliyovuja. Barua nimeisoma nimesimama koridoni na koti mwilini, theluji inayeyuka kwenye viatu. Nimecheka peke yangu, na hapa mtu akicheka peke yake wenzake wanamsogelea kumuuliza kama yuko salama.

Sasa sikia: punje zimevimba!

Najua wewe unaelewa, lakini utamsomea Mama, kwa hiyo namwandikia yeye. Mwambie kila punje ninayotengeneza hapa maabara ni fundo la nyuzi nyembamba mno, na nyuzi zenyewe zimejaa chaji hasi. Chaji za aina moja hazikai pamoja, kila moja inamsukuma mwenzake. Basi nyuzi zinatanuka, maji yanaingia kujaza nafasi, na punje ndogo kama mtama inakuwa kubwa kama gololi. Ukiifukia kwenye kitalu cha nyanya, inautunzia mche maji wiki nzima hata jua likiwaka. Lakini maji yakiwa na chumvichumvi, ioni chanya zinakwenda kukaa jirani na zile chaji hasi na kuzifunika. Kusukumana kunakwisha, nyuzi zinalegea, maji yanatoka, punje inasinyaa. Kalsiamu ndiyo mbaya kuliko zote. Ina chaji mbili, kwa hiyo inashika uzi huku na uzi kule na kuzifunga pamoja. Na visima vya upande wenu vina kalsiamu. Ndiyo maana nilikuwa silali.

Profesa ameniambia wazi. Nikipata vifurushi vitatu na punje zivimbe kwenye vyote, naandika tasnifu, naitetea Novemba, Desemba niko nyumbani moja kwa moja. Zikisinyaa, nitengeneze punje za aina nyingine, na hiyo ni miaka miwili zaidi.

Masele, nina miaka thelathini na sita. Tulisema mtoto nikimaliza. Nilipokuwa na thelathini na tatu maneno hayo yalikuwa mepesi. Sasa nikimwona mama anasukuma kigari cha mtoto kwenye barafu nageuza uso, na mimi sikuwa mtu wa hivyo.

Lakini kifurushi cha kwanza kimevimba. Vimebaki viwili. Mpe Mama shikamoo yangu na umwambie ana mkono mzuri.

Wako,
Kokushubira


Ilemela
14 Aprili 2024

Koku,

Nimemsomea Mama barua yote mara mbili. Sehemu ya chaji aliisikiliza kwa makini, halafu akasema kwa hiyo hizo nyuzi zikigombana ndiyo punje inanenepa, na zikipatana inakonda. Nikasema ndiyo. Akasema basi ni kama shangazi yangu Bernadeta, akikosa mtu wa kugombana naye anapungua mwili. Ukiandika tasnifu umtaje.

Nimewafanyia pia kidato cha tatu. Nilinunua pampasi moja, nikaichana mbele yao, wasichana wakaficha nyuso. Ule unga wa ndani nikautia maji, ukavimba ukajaa bilauri. Nikageuza bilauri juu chini, halikudondoka hata tone. Halafu nikatia vijiko viwili vya chumvi na kukoroga, na maji yote yakarudi kuwa maji. Nikawaambia kuna mwalimu mmoja wa kwetu anafanya jambo hili hili huko Ulaya, lakini kwa ajili ya bustani za Bujora. Sikuwaambia ni mke wangu.

Kifurushi cha pili hiki hapa. Mama ametuma na michembe, viazi vyake vya kukausha. Kama wakiikamata uwanja wa ndege, sema ni sampuli.

Nimeanza kusema "Desemba" kwa sauti nikiwa peke yangu. Jirani yangu Chenge amenisikia juzi akauliza kuna nini Desemba. Nikamwambia Krismasi.

Wako,
Masele


Uswidi
7 Mei 2024

Masele,

Zimevimba tena! Michembe imepita. Nimeitafuna kimya kimya kwenye semina kama mwanafunzi wa bweni.

Kuna jambo moja dogo. Nimepima kalsiamu kwenye chupa zako, na ni ndogo mno. Maji ya eneo lile nilitegemea yawe na mara tano ya hiyo. Profesa anasema huenda masika yameingia kisimani na kuyapunguza nguvu. Inawezekana. Lakini nakumbuka nilipokaa kwa Mama wiki ile baada ya harusi, sabuni ilikataa kabisa kutoa povu.

Niambie tu, kisima ni kile kile cha karibu na kanisa? Hawajachimba kipya? Hakuna mtu anayechanganya na maji ya mvua? Nijibu vizuri, maana nitaulizwa siku ya utetezi.

Usiku siku hizi ni mfupi, saa nne bado kweupe. Nikikaa dirishani nafikiria wewe umeshafunga mlango, umeshalala. Natamani hata kukusikia ukikoroma, na ulivyokuwa unanikera.

Wako,
Koku


Ilemela
26 Mei 2024

Koku wangu,

Chumba cha pili nimekipaka rangi. Njano hafifu, si ile ya kung'aa. Nilibadilisha mara mbili, kwanza nilichukua bluu, nikasema hapana, bluu ni kama tumeshaamua ni mtoto gani. Dirisha nimeliwekea wavu mpya. Nimeondoa yale mawe yaliyokuwa mlangoni, unakumbuka uliyokuwa unajikwaa ukitoka na ndoo? Mafundi wawili walishinda nayo siku nzima. Sasa mtu anaweza kutoka akiwa amebeba kitu mikononi bila kuangalia chini.

Mti wa mpera umezaa. Ziwa limepanda kidogo, kule chini wameondoa vibanda. Chenge amenunua jogoo anayewika saa nane, mtaa mzima unamchukia.

Kisima ni kile kile.

Kifurushi cha tatu ndiyo hiki. Mama hajambo, anakusalimu. Kuhusu mpera, nimefikiri mapera nisiyachume yote, machache niyaache yakauke juu kwa ajili ya mbegu, ingawa sijui kama mpera unapandwa hivyo. Wewe utajua. Ukija utaniambia.

Wako,
Masele


Uswidi
30 Juni 2024

Masele,

Swali langu umelijibu kwa maneno manne, na mpera umeuandikia aya nzima. Lakini nimesamehe, kwa sababu ya njano hafifu. Nimeisoma sehemu hiyo mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo.

Punje zimevimba mara ya tatu. Kalsiamu iko chini vile vile, na Mei mvua zinakatika, lakini vipimo vitatu vinakubaliana na profesa ameridhika. Amenipa mkono. Natetea tarehe 22 Novemba. Na mimi, kabla sijafikiri mara mbili, nimekata tiketi: natua Mwanza Jumamosi tarehe 14 Desemba, saa nane mchana. Tiketi yenyewe hairudishwi. Nimefanya hivyo makusudi, ili nisipate njia ya kuogopa.

Nitakuta senene bado wapo? Niwekee. Nitakula senene, nitalala siku tatu, halafu tutaongea habari za chumba cha njano.

Kwenye bahasha ya pili kuna pakiti ya punje kwa ajili ya kitalu cha Mama. Achanganye kiganja kimoja kwenye udongo wa tuta. Nataka yeye awe wa kwanza.

Wako kabisa,
Koku


Ilemela
18 Agosti 2024

Koku,

Isome hii umekaa.

Kisima ni kile kile, sikukudanganya hapo. Lakini maji si yale yale. Mama anayachemsha.

Nilijua tarehe 25 Mei. Nilikwenda Bujora Ijumaa jioni badala ya Jumamosi, na asubuhi nilipoamka nikamkuta jikoni, sufuria kubwa la shughuli liko motoni, chupa zako zimepangwa pembeni zinasubiri. Nikamuuliza anapika nini. Akasema ni maji ya Kokushubira. Nikamuuliza tangu lini anayapika. Tangu kifurushi cha kwanza. Anayachemsha mpaka yatokote, anayaacha yapoe, anayachuja kwa kitambaa cheupe, ndipo anajaza. Aliona nashangaa, akaniangalia kama mimi ndiye nimekosa adabu.

"Nimewagombeza watu miaka ishirini wachemshe maji," akasema. "Leo mkwe wangu nimtumie mabichi?"

Nikaangalia ndani ya sufuria. Ukoko mweupe umeganda pembeni na chini, unaweza kuubandua kwa ukucha. Wewe na mimi tunajua ule ukoko ni nini. Ni kalsiamu yako, Koku. Imebaki yote kwa Mama, na wewe umepelekewa maji laini.

Kisima kiko hatua mia mbili kutoka pale. Ningeweza kumwaga zile chupa, nikaenda, nikajaza upya, nikarudi kabla chai haijapoa. Barua yako ya kuniuliza ilikuwa mfukoni mwangu. Nilisimama, nikafikiri miaka miwili, nikafikiri thelathini na sita, nikamwambia Mama asante. Jumapili nikakuandikia habari za rangi na mapera. Jumatatu nikazituma. Vifurushi viwili vya kwanza ni kosa la Mama, na kosa lake ni upendo. Cha tatu ni changu, na nilikituma nikijua.

Nilitaka urudi. Sina sababu nyingine, na hiyo sitaipamba.

Ningenyamaza mpaka Desemba, nakwambia ukweli. Lakini jana nimefika Bujora bila kutoa taarifa, nimemkuta Mama kwenye kitalu anang'oa miche ya nyanya iliyokauka na kuificha kwenye gunia. Alizitia zile punje zako, akamwagilia kwa maji ya kisima, haya haya mabichi, maana nyanya hazichemshiwi. Punje zilisinyaa ndani ya siku mbili, zikabaki ngumu kama mchanga. Ameficha wiki tatu nzima. Aliniambia nisikwambie, kwamba labda ni mkono wake umezeeka, kwamba wewe umesoma na huwezi kukosea, na majirani wakiona watasema kazi ya mkwe wake haifai.

Mama amejitwisha kosa ili akulinde. Mimi nilikuachia kosa ulibebe mbele ya watu wa Ulaya, ili unilalie upande wa pili wa kitanda. Nilishindwa kula.

Umwambie profesa au usimwambie, ni juu yako. Mimi nitatuma maji mabichi ukisema nitume. Sikuombi kitu.

Masele


Uswidi
20 Agosti 2024

Masele wangu,

Hii si zamu yangu kuandika, lakini nimeshindwa kuvumilia. Leo profesa ameniita ofisini na kunionyesha barua. Kuna shirika limekubali kugawa punje zangu kwa familia arobaini za Bujora na Kisesa, msimu wa kiangazi ujao, waanzie na vitalu vya mboga. Arobaini! Nimemwomba jina la kwanza kwenye orodha liwe Paskazia, mama mkwe wangu. Vipi kitalu chake? Miche imefika wapi? Mwambie anipigie picha, hata kama simu yake haioni vizuri.

Nimeacha kuogopa. Zamani nikiwaza furaha naguna, nasema ngoja kwanza. Wiki hii nimejiachia. Nimemwambia hata dada wa maabara, Mswidi wa watu, kwamba nakwenda kupata mtoto, akanikumbatia bila kuuliza lini.

Siku zimebaki mia moja na kumi na sita. Ulisema wewe huhesabu. Nahesabu kwa niaba yako.

Wako, wako, wako,
Koku


Bujora
6 Oktoba 2024

Mwanangu Kokushubira,

Salamu kutoka kwa mama yako Paskazia. Macho yangu hayaoni mistari, kwa hiyo anayeandika ni huyu huyu mkosaji. Nimemwambia aandike kila neno ninalosema, hata ya kumsema yeye, na asipoandika nitampa mwalimu wa dini barua aikague.

Sasa ni mwezi mzima tangu ukasirike. Mimi ukinipokelea simu unaniambia umekula, basi. Yeye humpokelei kabisa. Sisemi umekosea. Nasema nasikia.

Masele amenieleza habari ya maji. Amenieleza mara tatu mpaka nikaelewa kwamba kile kitu kibaya kilikuwa kinabaki kwenye sufuria langu. Mwanangu, mimi ule ukoko huwa nausugua kwa mchanga kila Jumamosi na kulalamika mgongo, kumbe nasugua shule yako. Nilikaa chini. Nilianza kazi ya afya wewe hujazaliwa, nimeona kipindupindu kikiondoa watu watatu nyumba moja. Maji mabichi kumpa mtu ninayempenda, mkono wangu haujui. Hilo unisamehe. Ningejua, ningekuuliza.

Lakini huyu alijua, akanyamaza. Nimemwambia, ulipokuwa mdogo ulivunja chungu ukasema ni mbuzi, na leo una ndevu. Anaandika na kuinamisha kichwa. Andika, Masele, kwamba umeinamisha kichwa.

(Nimeinamisha.)

Watu hapa wananiuliza mjukuu. Huwa nawaambia mkwe wangu anasoma. Wakiuliza mpaka lini, nawaambia mpaka amalize, kwani mjukuu ni wenu? Kwa hiyo usirudi kwa ajili yangu. Wala usikae kwa ajili ya hasira. Fanya lile ambalo ungelifanya kama tusingekukosea.

Chupa sita hizi ni mbichi. Amezijaza yeye, mimi nimesimama kando ya kisima namwangalia, roho inaniuma kama tunampelekea mtoto sumu. Tafadhali usiyanywe.

Wabeja, asante sana, mwanangu. Mungu akulinde na baridi.

Mama yako,
Paskazia (dole gumba hapa)


Uswidi
27 Oktoba 2024

Masele,

Barua yako ya Agosti ilinifikia tarehe tano Septemba, saa nne asubuhi, na saa nne na nusu nilikuwa ofisini kwa profesa. Sikutaka kulala nayo hata usiku mmoja, maana nilijua nikilala nayo nitaanza kufikiri kama wewe. Hilo ndilo lililonitisha. Kwa nusu saa nzima nilisimama chooni nikiwaza kwamba hakuna anayejua ila sisi wawili, na kwamba njano hafifu ni rangi nzuri.

Profesa hakunifokea. Alivua miwani, akauliza kama nina hakika, akaniomba nimweleze tena kuhusu Mama. Nilipofika pale pa kuchuja kwa kitambaa cheupe tulishindwa sote wawili, tukacheka, na mimi nikamalizia kwa kulia. Utetezi wa Novemba umefutwa. Shirika limeandikiwa barua kwamba zile familia arobaini zisubiri. Natengeneza punje upya, nyuzi ambazo kalsiamu haiwezi kuzifunga. Ni miaka miwili, kama nilivyokwambia tangu mwanzo.

Nilikukasirikia mpaka nikaogopa hasira yenyewe. Si kwa sababu ya miaka. Uliniona mtu wa kurudishwa kwa hila, kama ng'ombe anayeonyeshwa majani. Ungeniambia Mei, "Koku, nimechoka, acha vyote urudi," labda ningerudi. Hukunipa hata nafasi ya kuchagua. Nimeandika barua sita na kuzichana. Ukipiga simu nilikuwa naitazama ikilia mpaka inyamaze, halafu naiweka kifuani. Na hilo pia uliweke akilini.

Kifurushi kimefika Jumanne. Nimetia maji kwenye punje za zamani, na mbele ya macho yangu zimesinyaa, kutoka gololi mpaka mtama, chini ya dakika kumi. Hakuna ubishi. Kalsiamu ni mara sita ya ile niliyokuwa naipima. Nikakaa kwenye kiti nikafurahi, niamini. Miezi yote ile nilikuwa nafanya kazi na maji yasiyo ya mahali popote. Haya ni ya kwenu. Chupa tano nimezifungia kwenye friji la maabara. Ya sita ilikuwa imebaki robo, na watu walikuwa wametoka kwenda kula. Nikainywa. Nzito, ina ladha ya jiwe, ulimi unakauka badala ya kulowa. Usimwambie Mama. Tumbo halijaniuma, na hata lingeuma.

Sasa sikia nilichoamua, na sikukuuliza, kwa hiyo tumelingana.

Tiketi hairudishwi, kwa hiyo nakuja tarehe 14 Desemba kama nilivyosema. Siji kukaa. Naondoka tena tarehe 6 Januari, na utanisindikiza uwanjani bila kunung'unika. Kisimani nitakwenda mwenyewe. Hasira bado ninayo na nakuja nayo, uipokee pamoja na mabegi.

Na lile tuliloliahirisha mpaka nimalize, mimi siahirishi tena. Nilidhani kila kitu kinasubiri punje zivimbe, na wewe ukadhani hivyo hivyo, ndiyo maana tukafika tulipofika. Juzi nimemwomba profesa anieleze utaratibu wa likizo ya uzazi kwa wanafunzi. Akanitazama tumboni kwa adabu, akauliza kama nina ujauzito.

Nikamwambia bado, ila nina tiketi.

Mkeo,
Kokushubira